Mahari ya Kusugua

Kama kuna mtu aliyejaliwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni, basi ni Farid Mbarak wa Kariokor. Ungepita zako ukienda kununua viatu vya akala, akusalimie, akuulize habari za nyumbani, na kabla hujajua kilichokupata umeshatafuta mkokoteni wa kukubebea kitanda cha chuma, tena unamshukuru. Kitanda chenyewe kimetoka kwa wauza vyuma chakavu, kimeliwa na kutu hadi mifupani. Farid hakukisugua hata kidogo. Alikipulizia rangi ya fedha, akakianika juani, akakipulizia tena, na kesho yake kikawa kinameta mbele ya banda lake, chini ya kibao chenye neno moja kubwa la Kiingereza: REFURBISHED. Watu walilitamka walivyoweza, rifabishi. Na wale ambao vitanda vyao vilianza kumwaga magamba kwa mvua ya kwanza walilitamka wakaongeza na tusi.

"Rangi ni nguo," Farid alikuwa akiwajibu. "Wewe unaweza kutembea uchi mjini?"

Ukimsikia hivyo ungedhani ni mtu asiye na dhiki. Wapi! Farid alikuwa na dhiki iliyomkosesha hata ladha ya chai. Alimtaka mkewe, Jawahir, na mkewe hakuwa mkewe tena. Alikuwa amempa talaka kwa kinywa chake mwenyewe, miaka minne ilikuwa imepita, na hakuna siku aliyoamka asijute.

Ugomvi ulianzia kwenye sinia. Mamake Jawahir, Bi Lela wa Majengo, alipofariki alimwachia bintiye sinia kubwa la shaba lenye nakshi ya maua, lile lililokuwa likitolewa kila Maulidi kubebea vyetezo vya udi na mirashi ya marashi. Bibi zao walikuja nalo kutoka Lamu. Jawahir akalipeleka nyumbani kwa mumewe, kisha akarudi Majengo kukaa matangani hadi arobaini. Alipomaliza arobaini na kurejea nyumbani, alilikuta sinia la marehemu mamake limepulizwa rangi ya dhahabu, rangi nzito iliyoziba maua yote, na limeshakodishwa na kuzungushwa kwenye harusi za watu asiowajua. Farid akamwonyesha kwa fahari, mikono kiunoni. "Si nimekufanyia jipya?" Jawahir akasema aliyoyasema, na ulimi wa mtu aliyetoka kuzika haupimi maneno. Farid naye, badala ya kunyamaza, akatamka talaka moja.

Hasira hasara. Ndani ya eda neno moja lingetosha kumrejea mkewe, neno moja tu, lakini mwanamume aliyekuwa na maneno ya kuuza kutu hakuwa na hilo moja. Alingoja Jawahir aanze kuomba radhi. Jawahir, aliyerudi Majengo na sinia lake kwa kakake Ridhwan, alingoja aje yule aliyekosa. Eda ikaisha wote wawili wamenuna. Sasa kama wangetaka kurudiana ilikuwa ni ndoa mpya kabisa, na mahari mpya, tena kwa ridhaa ya Jawahir mwenyewe.

Binti yao wa pekee, Aqsa, aliyekuwa akifundisha Kiingereza katika shule moja ya Huruma, alichoka kwenda na kurudi kati ya nyumba mbili akibeba salamu zisizosema kitu. Jumapili moja alimfuata babake bandani.

"Baba, unamtaka mama au humtaki?"

"Ala! Swali gani hilo kwa mzazi wako?"

"La mtu aliyechoka. Ukimtaka nenda ukamwombe. Mimi si posta."

Kando yao alikuwa Mbaluka, Mkamba mmoja mchonga vinyago aliyegawana banda na Farid, yeye upande wa mbao, Farid upande wa chuma. Hakuinua macho kwenye twiga aliyekuwa akimchonga. "Ng'ombe akivunjika guu," alisema, "hurejea zizini."

"Nani ng'ombe?" Farid akafoka.

"Mimi nimetaja jina la mtu?"

Farid alimfokea Mbaluka, akamfokea na Aqsa, kisha akaenda kunyoa ndevu.

Alikwenda Majengo Ijumaa iliyofuata, na hakwenda peke yake. Alimchukua sheikh wa msikitini, mzee mnene mwenye subira na kupenda chakula, akabeba na halua. Ridhwan, aliyekuwa na duka la kanzu na kofia, aliwakaribisha vizuri kwa ajili ya sheikh na vibaya kwa ajili ya Farid. Kahawa ikaja. Farid akafungua kinywa, na maneno yakatiririka: alivyokonda, alivyojuta, bangili za dhahabu atakazotoa, za Jawahir kuchagua mwenyewe. Jawahir alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba cha ndani, buibui limemfunika hadi vidoleni. Alimwacha aseme hadi akaishiwa na pumzi.

"Umemaliza, Baba Aqsa?"

"Nimemaliza."

"Sitaki bangili." Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kitu kikubwa kilichofungwa kwa leso. Akakiweka juu ya mkeka mbele ya Farid na kukifungua. Lilikuwa lile sinia. Rangi ya dhahabu ilikuwa imepasuka huku na huku, ikachubuka pembeni, na palipochubuka palikuwa peusi. "Mahari yangu ni hili. Lirudi kama mama alivyoliacha."

"Basi hilo tu?" Farid akapumua. "Mbona jambo dogo! Kuna mafundi pale..."

"Mafundi hawakulipaka. Aliyelipaka ndiye atakayelisugua, kwa mkono wake mwenyewe. Kumkodi mtu sitaki, na mashine sitaki."

"Miaka yote hii umeliacha hivyo? Hukulisugua wewe?"

"Kosa lako nilisugue mimi?" akauliza Jawahir, na Ridhwan akakohoa kuficha kicheko.

Farid akamgeukia sheikh. Hivi kazi nayo ni mahari? Sheikh akameza halua aliyokuwa akitafuna, akafuta mikono. "Nabii Musa alichunga mifugo miaka ndipo akapata mke. Wewe umepewa sinia. Mshukuru Mwenyezi Mungu kwamba huyu bibi hana ng'ombe."

Basi Farid akarudi Kariokor na sinia kwapani, akijiambia kwamba kabla ya wiki kwisha atakuwa mtu mwenye mke. Alimimina thina, dawa ya kuyeyushia rangi, akasugua kwa kitambaa, na rangi ya dhahabu ikaanza kulainika na kutoka kwa madonge. Ilimchukua mchana mzima. Ilipokwisha alisimama akalitazama, na moyo ukamshuka. Alikuwa amesahau kwamba siku ile hakulisafisha kabla ya kulipaka. Alipuliza rangi juu ya uchafu, na chini ya rangi unyevu ulikaa miaka minne ukila shaba kwa raha zake. Maua ya Bi Lela yalikuwa yamejaa kutu ya kijani, na kati yao palikuwa na mabaka meusi.

"Mbaluka, ndugu yangu," aliita kwa sauti tamu. "Wewe una mikono ya kazi. Hebu nisaidie hapa pembeni tu."

"Ng'oo!" akasema Mbaluka. "Hiyo ni mahari. Nikisugua mimi nitaoa mimi, na nyumbani nina mmoja ananitosha."

Aqsa alimkuta babake kwenye hali hiyo alipotoka shuleni alasiri moja, jua bado liko juu. Farid alikuwa amekaa juu ya debe, sinia mapajani, msasa mkononi, jasho linamtoka, mdomo unalaani. Aqsa akamnyang'anya msasa. "Huo utakula nakshi, baba. Bibi alikuwa akitumia ukwaju." Kisha akainua macho kwenye kibao, akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Leo darasani mtoto mmoja ameniuliza maana ya hilo neno lako. Amesema kwao wanasema rifabishi ni kitu feki kilichopakwa rangi. Nikaenda kulitafuta vizuri."

"Maana yake ni kufanya kitu kiwe kipya," akasema Farid. "Hata mtoto mchanga wa Kariokor anajua."

"Ndivyo wanavyolitumia siku hizi. Lakini unajua lilianzia wapi? Lilikuwa ni kusugua, baba. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wa kale, na hao Wafaransa nao wakalirithi kwa makabila yaliyowatangulia, na kote lilikopita ni kusugua tu. Watu walikuwa na panga na nguo za chuma za vitani. Zikikaa zinapata kutu. Basi mtu anakaa kitako, kama ulivyokaa wewe hapo, anasugua hadi chuma chenyewe kinang'aa. Hiyo ndiyo kazi iliyopewa jina hilo."

"Hawakupaka kitu?"

"Upanga uliopakwa rangi utamkata nani?"

Farid akainua macho kwenye kibao chake. Halikuwa jambo la kawaida, na Mbaluka akaacha kuchonga ili aone.

"Na ile re ya mbele?" Farid akauliza. "Nilimlipa mchoraji wa kibao kwa kila herufi, nataka kujua nilinunua nini."

"Hiyo waliiongeza baadaye. Maana yake ni tena. Kusugua tena."

"Kwa nini tena, kama kimeshang'aa?"

"Kwa sababu kutu inarudi, baba. Hujawahi kuona?"

Mbaluka alicheka hadi akashika mbavu. "Miaka yote hiyo kibao kinasema Farid anasugua! Uongo mkubwa hivyo, tena kwa herufi nyekundu!"

Farid hakucheka. Maneno ya bintiye yalimchoma mahali ambapo hata yeye hakujua pana kidonda. Aliyakumbuka yale aliyomwambia Jawahir siku ile, si nimekufanyia jipya, akaona aibu. Akamtuma Aqsa ukwaju na ndimu sokoni. Majivu aliyapata kwa mama aliyekuwa akichoma mahindi kona ya pili.

Ilikuwa kazi, jamani, isikieni kwa jirani. Ukwaju ulowekwe, upakwe, uachwe uume kutu. Kisha ndimu na chumvi. Kisha majivu makavu na kitambaa, huku unakandamiza kwa kidole gumba, ua moja baada ya jingine. Vidole vilimpasuka, na ndimu ikaingia kwenye mipasuko, akaruka na kupiga kelele hadi wateja wakauliza kama kuna mgonjwa. Kijana mmoja akamwambia, "Niaje mzee, si upige rangi tu imalizike?" Farid akamtazama kwa jicho ambalo yule kijana hakulitarajia kutoka kwa mwuza rangi.

Na shaba ikaanza kutoka. Ua la kwanza lilipofunguka alimwita Mbaluka aje alione, akamwita na mama wa mahindi. Kadiri alivyosugua ndivyo alivyomkumbuka Bi Lela. Mkwe huyo hakuwahi kumfanya wa mwisho kupewa kahawa. Kila Maulidi aliagiza sinia lianzie kwa Farid, mkwe wangu huyo, msimpite. Farid alilia pale pale juu ya debe, mchana kweupe, machozi yakadondokea kwenye majivu. Alimlilia mkwewe, akamlilia na Jawahir, ambaye alikuwa amefiwa na mama na yeye hakumpa hata pole iliyokamilika. Mbaluka aliona, akageuza kiti chake upande wa pili kwa heshima.

Hatimaye sinia lilikwisha. Liling'aa hadi ukiliinua unajiona ndevu. Farid akatuma habari Majengo, na jibu likaja kwamba nikaha itafungwa Ijumaa baada ya Asri, kama mahari ni kamili.

Tatizo ni kwamba Ijumaa ilikuwa bado mbali, na mvua za Novemba zilikuwa zimeanza. Hewa yote ilikuwa maji. Siku ya pili Farid alilifunua sinia akaona limepoteza ule mng'ao wa kwanza. Akalisugua. Siku iliyofuata likafifia tena, na kila alipoligusa alama za vidole vyake zilibaki. Ikamwingia hofu. Je, Ijumaa lifike mbele ya watu limefifia, Jawahir aseme hukusugua? Je, amkose kwa ajili ya unyevu? Alhamisi asubuhi mkono wake ukafanya mambo uliyozoea miaka yote. Ulikwenda kwenye rafu, ukashika kopo la vanishi isiyo na rangi.

"Umeagizwa vanishi?" Mbaluka akauliza.

"Hii haionekani. Ni ya kulinda tu. Mng'ao utakaa hivi hivi hata miaka kumi."

"Mimi nimeuliza kama umeagizwa."

"Wewe chonga twiga wako!"

Akapaka mara moja, safi, bila kuacha alama ya brashi, maana katika hilo hakuna aliyemzidi. Sinia likametameta. Farid akalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Ijumaa uwanja mdogo wa nyumba ya Ridhwan ulikuwa umefagiliwa na kutandikwa mikeka. Watu hawakuwa wengi: sheikh, mashahidi, majirani wa Majengo, Mbaluka ndani ya koti lake la kanisani, na wanawake wamejaa ndani, wengine wanachungulia dirishani. Pembeni sufuria ya pilau ilikuwa juu ya makaa. Farid alivaa kanzu nyeupe na kofia mpya. Akaweka sinia mkekani na kuondoa leso, na wanawake wakapiga vigelegele kabla hata ya kuambiwa.

"Mashaallah!" akasema sheikh. "Hili ni sinia au ni mwezi?"

Jawahir akatoka. Mikono yake ilikuwa na hina mbichi ya jana, nyekundu hadi vifundoni. Alipoliona sinia uso wake wote ulifunguka, na Farid, aliyekuwa hajaliona tabasamu hilo miaka mingi, akajikuta akitabasamu naye. Akalinyanyua kwa mikono miwili. Akayaangalia maua. Kisha akalileta karibu na pua kama alivyokuwa akifanya mamake, akinusa ukwaju. Harufu ya ukwaju haikuwapo. Akapitisha ukucha wa kidole kidogo ukingoni, taratibu, na utando mwembamba ukajikunja mbele ya ukucha.

"Umelipaka," alisema.

"Sikiliza, Mama Aqsa. Hiyo si rangi. Ni kinga. Mvua hizi, unyevu huu, mimi niliona..."

"Umelipaka tena, Farid."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Alilirudisha sinia mkekani, akageuka, akaingia ndani, na pazia likaanguka nyuma yake. Vigelegele vilikwisha zamani. Ridhwan alianza kukunja mkeka wa pembeni. Aqsa alimtazama babake, macho yamejaa maji, akatikisa kichwa.

Farid alifungua kinywa. Alikuwa na maneno, maana hajawahi kuyakosa: angesema ni bahati mbaya, ni fundi mwingine, ni vanishi ya bei ghali kutoka ng'ambo. Yalikuwa yote ulimini yamejipanga. Akalitazama sinia, akaona ukweli ulivyo: alikuwa amelisugua vizuri kwa mapenzi yote, kisha akaogopa, na alipoogopa akafunika. Siku zile za arobaini pia aliogopa. Aliogopa machozi ya mkewe, hakujua la kuyafanya, akayapaka rangi. Akafunga kinywa.

Akavua kofia. Akakunja mikono ya kanzu hadi viwikoni, akapiga magoti kwenye mkeka. "Aqsa, niletee kitu cha kutoa vanishi."

"Hapa nitatoa wapi thina, baba?"

Kutoka dirishani mkono wa binamu mmoja ukatokeza na kichupa cha dawa ya kutoa rangi ya kucha. Kichupa cha pili kikafuata, cha tatu, na furushi la pamba. Farid akamimina, akafuta, na harufu kali ikajaa uwanja mzima hadi Mbaluka akapiga chafya. Ndimu alizipata jikoni, zilizokuwa za kachumbari. Majivu aliyachota chini ya sufuria ya pilau huku mpishi akimtukana. Kanzu nyeupe ikawa na madoa, magoti yakawa meusi, na Farid akawa anasugua tu.

"Shemeji, watu wanataka kwenda zao," akasema Ridhwan.

"Waende. Mimi sijamaliza."

"Na pilau je?" sheikh akauliza. Akaambiwa bado kidogo. "Basi mimi siendi popote," akasema, akajinyoosha vizuri kwenye mto, na kwa kuwa sheikh hakuondoka, hakuna aliyethubutu kuondoka.

Ilikwenda hivyo, kitambo kirefu, uwanja mzima ukitazama mwanamume mzima akisugua sinia. Kwanza watu walicheka. Kisha wakaacha. Vidole vyake vilivyokuwa vimeanza kupona vilifunguka upya, na ndimu ikavikuta, na hakupiga kelele safari hii.

"Usizungushe!" Sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Unazungusha mkono kama unaosha sufuria. Mama alikuwa akifuata ua. Kutoka katikati kwenda nje."

Farid akafuata ua, kutoka katikati kwenda nje.

"Kandamiza."

Akakandamiza.

"Si hivyo! Yallah, mtu huyu!" Pazia likafunuliwa, Jawahir akatoka, akachuchumaa ng'ambo ya sinia, akachukua nusu ya ndimu na kuichovya majivuni. Wanawake wakapiga ukelele dirishani: "Hina yako, Jawahir! Hina!"

"Itapakwa nyingine," akajibu bila kugeuka. Akaweka kidole gumba kwenye ua la upande wake, akaanza kusugua.

Walisugua wote wawili, kila mmoja upande wake. Farid aliogopa hata kupumua kwa nguvu. Alimwona mkewe wa zamani karibu kuliko alivyomwona miaka minne, mvi mbili tatu zilizomtoka kwenye paji, majivu puani.

"Jawahir," alisema, kwa jina lake, kwa sauti ya chini. "Mamako alinipenda, na mimi sikumlilia. Wewe ulikuwa unalia, nikataka unyamaze haraka. Nisamehe."

Jawahir alimaliza ua alilokuwa nalo, akalifuta kwa ncha ya mtandio, akalitazama. "Maneno hayo ungeyaleta siku ile," alisema, "ungeniokolea mambo mengi." Machozi yalikuwa yakimtoka, na safari hii Farid hakumwambia anyamaze. Alimwacha alie, akaendelea kusugua upande wake.

Mpishi akatangaza kwamba pilau limeiva. Sheikh akaketi wima. "Jamani, jua linakwenda. Nauliza kwa upole kabisa. Mahari ni kamili au si kamili?"

Wote wakaliangalia sinia. Nusu yake iling'aa, maua yamefunguka hadi kwenye mishipa ya majani. Nusu nyingine ilikuwa na ukungu wa vanishi iliyokataa kutoka, na mabaka. Farid akaweka kitambaa chini. "Si kamili, sheikh," alisema mwenyewe. "Bado nusu."

Ridhwan akamtazama dadake. Mpishi akashikilia mwiko hewani.

Jawahir akasimama, akapangusa mikono. "Sheikh, si mahari huweza kuwa nusu taslimu na nusu deni?"

"Huweza. Ni jambo linalojulikana."

"Basi andika. Nusu nimeipokea leo mbele ya watu. Nusu ni deni, na atalilipa kila Ijumaa, nyumbani kwangu, kwa mkono wake, madamu yu hai."

"Lakini Mama Aqsa," akasema Farid, bado yuko magotini, "hili sinia kila likisuguliwa litafifia. Deni hilo halitakwisha."

"Najua halitakwisha," akasema Jawahir. "Unakubali au hukubali?"

Sheikh alikuwa hajafungua hata hotuba, na mashahidi walikuwa wamesimama ovyo bila mpango. Farid hakuwangoja. "Nimekubali," alisema. Kisha, asije mtu akadai hakusikia, akalisema tena kwa sauti iliyofika barabarani.